Hakuna Kinachopita Mdomoni

Ile sheria niliitunga mimi mwenyewe, na ukweli ni kwamba niliitunga nikiwa na hasira.

Nilikuwa sista wa kliniki ya presha na sukari katika kituo kimoja cha afya cha serikali upande wa Thika. Kliniki ilikuwa Jumanne. Wenye sukari tulitaka waje kabla ya kula, ili tukiwadunga kidole tupate namba ya kweli. Nilikuwa nawabembeleza kila wiki, mama usikule, mzee usikule. Na kila Jumanne mtu ananitazama machoni ananiambia hajala, huku naona makombo ya mkate kwenye sweta. Nikiruhusu maji, mtu anakunywa chai ya maziwa, ukimuuliza anakwambia, "Sista, si hata chai ni maji?" Kuna mama mmoja aliniambia alikunywa uji, lakini mwepesi sana, mwepesi hata unaweza kuona chini ya kikombe. Siku hiyo nilicheka. Lakini kucheka nako kuna mwisho.

Basi Jumanne moja nikasimama mbele ya benchi, mikono kiunoni, nikawafokea. "Sikilizeni vizuri kwa sababu sitarudia. Kuanzia leo, ukishakula chakula cha jioni Jumatatu, hakuna kinachopita hapa," nikaonyesha mdomo, "mpaka mimi nikudunge. Si chai, si maji, si peremende. Atakayekuja na kitu tumboni atarudi nyumbani." Sikutenganisha wa presha na wa sukari. Wote walikaa benchi moja, wengi wana magonjwa yote mawili, na mimi sikuwa na nguvu ya kutoa matangazo mawili.

Walinitii. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba watu ambao hawakunisikia nilipowabembeleza walinisikia nilipowafokea. Jumanne iliyofuata walikuja midomo imekauka. Namba za sukari zikawa za kweli, kudunga kukaenda mbio, na mkubwa wetu akapita akasema, "Sista, leo naona mambo yanaenda." Nikajiona mjanja. Sheria ikabaki. Baada ya muda sikuhitaji hata kuisema, wazee walikuwa wanawafundisha wageni kabla sijafungua mlango: "Hapa kwa sista, hakuna kinachopita mdomoni."

Niseme kidogo kuhusu uchovu, kwa sababu bila huo hakuna mtu atanielewa. Naishi Ruiru. Nilipohamia, nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kahawa. Sasa ni maghorofa tu, nguo zimeanikwa hadi juu kabisa. Murera, Juja, Thika, hadithi ni hiyo hiyo: shamba linakatwa ploti, nyumba inapanda, watu wanaingia, na watu hao wana mioyo na figo kama watu wengine. Kituo chetu kilibaki kile kile. Benchi ni zile zile. Masista tulikuwa wawili, mwenzangu akienda likizo nabaki mmoja. Nilikuwa naamka alfajiri miguu bado imevimba kutoka jana, nasimama jikoni nikijiuliza kama nikisema mimi pia ni mgonjwa kuna mtu atashangaa.

Nikifika nilikuta vitabu. Wagonjwa wetu wanatembea na vitabu vya mazoezi, vile vya watoto wa shule, ndani yake tunaandika namba na dawa. Anayefika mapema anaweka kitabu chake kwenye saruji mbele ya mlango, anakiwekea jiwe kisipeperuke, halafu yeye mwenyewe anaenda kukaa kivulini. Kitabu ndicho kinachopiga laini, kinamshikia nafasi. Zamani laini hiyo iliishia kwenye ngazi. Baadaye ikafika kwenye tangi la maji, halafu ikapinda kona ya maabara, na mimi nikaacha kutazama inaishia wapi.

Kulikuwa na jambo lililonishangaza hata wakati huo, ila sikuwa na nafasi ya kulishangaa vizuri. Mgonjwa wa presha akiwa sawa, tunampa dawa za miezi mitatu aende zake. Akiwa juu, anarudi baada ya wiki mbili, labda mwezi. Sasa wetu karibu wote walikuwa juu. Wanasema wanameza dawa na bado wako juu. Daktari wetu, kijana mpole anayekula chakula cha mchana akiwa amesimama, alikuwa anaangalia namba kitabuni, anaongeza kidonge, anaita mwingine. Wiki mbili baadaye yule wa kwanza amerudi, yuko juu tena. Tulilaumu chumvi. Tulilaumu mafuta ya kupimiwa kioskini. Mimi niliwalaumu wao. Nilisema wananidanganya kuhusu dawa kama walivyonidanganya kuhusu chai.

Ila kulikuwa na mzee mmoja ambaye hata mimi sikuweza kusema anadanganya. Alikuwa mtu wa Vihiga aliyekuja Thika akiwa kijana, akafanya kazi ya boila, lile tangi la mvuke, kiwandani mpaka akastaafu, na hakurudi kwao. Alikaa na mkewe chumba kimoja huko Kamenu. Mkewe alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, na maneno yakapotea. Watoto wameoa na kuolewa mbali. Kwa hiyo kila asubuhi ni mzee anayemwinua kitandani, anamkalisha kwenye kiti, anamwosha, anamlisha uji kijiko kwa kijiko. Jioni anamrudisha kitandani. Mama huyo alikuwa na mwili, si mtu mdogo.

Siku ya kwanza alipokuja kliniki aliniambia kilichomleta. "Sista, mimi siogopi kufa, nimeona mengi. Lakini huyu mama alianguka kwa sababu ya presha, na mimi nimeambiwa niko nayo. Sasa mimi nikianguka, nani atamwinua?" Nikamwambia hataanguka. Nikamwambia meza dawa, njoo kila tunapokuita, fuata tunayosema. Aliitikia kwa kichwa taratibu, akaweka mkono juu ya kitabu chake, alichokuwa amekifunika kwa karatasi ya khaki kama cha mwanafunzi.

Na alifuata. Miaka yote ile ya boila ilikuwa imemfundisha hivyo. Aliniambia kule kiwandani kulikuwa na amri zimeandikwa ukutani, na mtu aliyejifanya anajua kuliko amri aliondoka pale ameungua. Kila nikimpima alikuwa anauliza, kama anayesoma kipimo cha mvuke, "Geji inasema ngapi?" Nikimtajia namba anaifikiria kwa uzito, kama ni yeye atakayewajibika. Kila mara ilikuwa juu. Tukamwongeza dawa mara moja, tukamwongeza tena.

Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wao alikuwa mama mmoja wa hapo hapo Kamenu. Asubuhi anauza sukuma wiki na nyanya, alasiri anavaa mkoba wa serikali mgongoni, anazunguka nyumba kwa nyumba akipima watoto uzani na watu wazima presha. Alikuja kwangu Jumanne moja karibu saa saba, wakati sijaweka hata maji mdomoni.

"Sista, uko na dakika?"

"Sina."

Akangoja nimalize niliyekuwa naye. Kisha akasema haraka haraka, kama mtu aliyejizoesha njiani, "Ni yule mzee wa boila. Mimi nampima nyumbani jioni. Presha yake iko chini. Juzi ilikuwa chini hadi nikarudia. Na anasema akisimama kichwa kinazunguka. Lakini nikiangalia kitabu chenu, huku iko juu. Hata kuna shosho mmoja, bibi mzee wa ploti ya nyuma, yeye pia ni hivyo. Sasa sijui ni nini."

"Ni mashine yako," nikamwambia. Sikuinua hata macho. "Hizo za mkoba zinadanganya."

"Nimejipima nayo, ikanipa vizuri. Nikampima na mume wangu."

"Mama," nikasema, na sauti yangu naisikia mpaka leo, "wewe tembelea watu, uwaambie wapunguze chumvi. Mambo ya dawa utuachie sisi tuliosomea."

Nilisema hivyo mbele ya benchi nzima. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Yule mama akasema sawa, akafunga zipu ya mkoba wake, akaenda.

Wiki chache baadaye tukaitwa semina, sisi wa vituo na wao wa mitaani pamoja, katika ile hoteli ya zamani kando ya maporomoko ya Chania. Ukutani walikuwa wameweka bango kubwa limeandikwa Kinga na Ushirikiano. Bwana mmoja kutoka ofisini akatueleza kwamba wagonjwa wanaongezeka kuliko hospitali zinavyoweza kujengwa, kwa hiyo ugonjwa lazima uzuiwe nyumbani kabla haujafika kituoni, na wa kituoni na wa mtaani wawe wanazungumza. Nilikubaliana naye kila neno, huku macho yananifunga. Nilikuwa nangoja chai ya saa nne tu.

Wakati wa maswali yule mama wa Kamenu akasimama. Aliuliza kwa heshima kabisa: kama namba ya nyumbani na ya kliniki hazipatani, tufuate ipi, na tumwambie nani? Hakunitaja. Lakini wenzangu wa kituoni waligeuka wakanitazama, na yule bwana akasema, hilo tumwachie mtu wa kliniki atujibu. Nikasimama nikasema namba rasmi ni ya kliniki, kwa sababu kliniki tunapima kwa utaratibu, mtu akiwa amepumzika na hajala. Wa mtaani kazi yao ni kuhakikisha watu wanahudhuria. Watu wakaandika. Yeye pia aliandika. Wakati wa chai alinimiminia kikombe kabla ya chake, akasema, "Asante kwa kutujibu, sista." Nilimtafuta kejeli usoni sikuiona, nikachukua mandazi nikaenda kukaa na wenzangu.

Zamu ya mzee ya kliniki ikafika. Aliposimama kutoka kwenye benchi alishika ukuta, akangoja, ndipo akatembea.

"Vipi, mzee?"

"Kichwa kinazunguka kidogo, sista. Kule nyumbani ndiyo zaidi. Nikimwinua mama asubuhi naona giza."

"Ni njaa," nikamwambia. "Ukimaliza hapa ukanywe chai."

Nikampima. Akaniuliza geji inasema ngapi, nikamtajia. "Na mimi nimefuata kila kitu," akasema.

"Najua, mzee."

Hapo ndipo nilipopaswa kumuuliza. Swali lenyewe ni fupi, hata halimalizi pumzi: leo dawa umemeza saa ngapi? Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza analijua. Sikuliuliza kwa sababu nyuma yake kulikuwa na vitabu hadi kona ya maabara, na kwa sababu ya yule mama wa mkoba. Nikikubali kwamba mzee ana jambo la kuulizwa, nitakuwa nimekubali kwamba muuza sukuma aliona nisichokiona. Daktari akaongeza kidonge. Mimi ndiye niliyemwandikia mzee namna ya kukimeza, nikamsomea mara mbili, naye akarudia neno kwa neno.

Alhamisi ya wiki iliyofuata yule mama akaja kituoni. Hakuuliza kama nina dakika. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, bado ana udongo wa sukuma kwenye vidole, akanieleza.

Asubuhi hiyo jirani wa mzee alikuja kibandani kwake akamwambia redio ya mzee inalia tangu alfajiri na mlango haujafunguliwa. Akaacha mboga zake akaenda. Alisukuma mlango akawakuta wote wawili chini, kati ya kitanda na ukuta. Mzee alikuwa ameamka, amemeza vidonge vyake vyote kama nilivyomwandikia, amemwinua mkewe akasimama naye, na giza likamjia akiwa amemshika. Alijitahidi awe chini yeye ndipo mama aanguke juu yake. Mama hakuumia. Mzee nyonga ilivunjika. Walikaa hapo saa nyingi, yeye hawezi kusogea, mama hawezi kuita. Alikuwa amemfunika mkewe mabega kwa sweta yake, kwa mkono mmoja, hivyo hivyo akiwa amelala.

"Tumempeleka hospitali kubwa," akasema. "Mama yuko kwa jirani."

Nilifunga kitabu nilichokuwa naandika.

"Sista, wakati tunangoja gari nilimpima. Ilikuwa chini sana. Nikamuuliza amemeza dawa gani, akanionyesha. Halafu sijui nini kilinituma, nikamuuliza, na siku ya kliniki unameza saa ngapi? Akasema siku ya kliniki hamezi. Tangu Jumatatu jioni hamezi, mpaka arudi nyumbani Jumanne. Nikamuuliza kwa nini. Akasema sista alikataza, hakuna kinachopita mdomoni."

"Hata dawa?" nikauliza. Ni swali la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

"Dawa si inapita mdomoni," akasema.

Nilijua palepale, bila mtu kunifafanulia. Kila mara nilipompima mzee huyu, mwili wake ulikuwa hauna dawa tangu asubuhi ya jana yake, na alikuwa ametembea kutoka Kamenu na kiu yake. Namba ikatoka juu. Tukaongeza. Siku nyingine zote akawa anameza dawa za mtu mgonjwa kuliko yeye. Na si yeye peke yake. Yule mama hakunigombeza. Nilitamani anigombeze, aniambie si nilikwambia, nami nipate pa kukasirikia. Alifuta vidole vyake kwa leso akasema anaenda kumpikia mke wa mzee uji.

Jumanne iliyofuata nilifika mapema nikasimama mahali pale pale nilipotangazia sheria. "Nani amemeza dawa yake ya presha leo asubuhi?" nikauliza. Hakuna mkono ulioinuka. Walinitazama kwa fahari, nyuso za watu waliofanya kama walivyoambiwa. "Na jana jioni?" Mkono mmoja ukainuka nusu, wa mama mmoja wa Murera, akaushusha haraka. "Nisamehe, sista," akasema. "Nilisahau. Ni mazoea ya mkono. Nilipokumbuka nilikuwa nimeshameza."

Alikuwa ananiomba msamaha kwa kumeza dawa. Nilikaa kwenye benchi katikati yao, nikawaambia nilikosea. Nikawaambia dawa ya presha imezwe kama kawaida na maji, hata siku ya kliniki, na ya sukari ndiyo ingoje mpaka mtu adungwe na ale. Nikawaambia leo hatuongezi mtu dawa. Guka mmoja, mzee wa pale mwisho, akasema, "Sista, hii si mtihani? Usije ukanifukuza wiki ijayo." Wakacheka, na wengine wakafungua mifuko yao palepale wakatoa chupa za maji walizokuwa wamezificha. Hakuna aliyenikasirikia. Nilirudia maneno yale Jumanne tatu mfululizo na bado wapo waliokuja wakavu, kwa sababu kauli ya kwanza niliitoa kwa sauti kubwa zaidi.

Yaliyofuata ni mambo mazuri, na nayaeleza bila raha. Nilimfuata yule mama kibandani kwake, nikasimama kati ya sukuma na vitunguu nikamwomba radhi. Akasema, "Wacha tu, sista. Sasa tufanye nini?" Tukakubaliana kwamba ukurasa wa mwisho wa kila kitabu uwe wao, wahudumu wa mtaani. Wampime mtu nyumbani, kwenye kiti chake, siku ambayo si ya kliniki, waandike. Nasi kabla ya kuongeza kidonge tugeuze kitabu tusome nyuma. Makanisa mawili ya Kamenu yakatupa nafasi baada ya ibada, watu wapimwe kabla hawajaanza kuugua. Daktari alipunguza dawa za watu wengi kuliko aliowaongezea. Waliokuwa sawa wakapewa za miezi mitatu. Polepole vitabu vikarudi kutoka kwenye kona, vikarudi hadi kwenye tangi, na kuna Jumanne vinaishia kwenye ngazi. Si watu wetu wote waliokuwa wagonjwa kama tulivyodhani. Laini ile niliijenga mimi.

Wakubwa walifurahi. Niliitwa niwaeleze wa vituo vingine jinsi tulivyopunguza msongamano kwa kinga na ushirikiano. Nilisimama nikawaeleza. Nilisema ni mhudumu wa mtaani aliyegundua, na akapigiwa makofi. Sikusema aligundua wapi, wala nani alikuwa amelala sakafuni.

Kwa mzee nilikawia kwenda. Nilijiambia nina kazi, nilijiambia amezungukwa na watu, nikajiambia mengi. Mwishowe yule mama akaniambia kwa upole, "Anakuuliza kila wiki," nikaona aibu, tukaenda naye Jumamosi alasiri.

Chumba kilikuwa kisafi. Mzee alikuwa kwenye kiti, mkongojo umeegemezwa ukutani. Godoro la kitanda cha mkewe lilikuwa limekunjwa, limefungwa kwa kamba ya katani. Binti yake alikuwa amekuja kutoka Vihiga akamchukua mama, kwa sababu baba hawezi kuinua tena na hakuna wa kuinua. Mzee aliachwa amalize kliniki ya nyonga hapa Thika, kisha wataona. Nilimuuliza wataona lini. Akasema hawakusema.

Niliketi kwenye kigoda mbele yake. "Mzee, nimekuja kukuambia kosa lilikuwa langu. Nilisema vibaya, na nikaambiwa, na sikusikia."

"Hapana, sista," akasema. "Mimi ndiye sikuuliza. Kule boila usipoelewa amri unauliza. Mimi nilidhani nimeelewa." Alisema hivyo kunituliza, na aliniumiza vibaya. Kisha akakunja mkono wa shati. "Haya, nipime."

Nikampima. Nikarudia, niwe na hakika.

"Geji inasema ngapi?"

"Mia moja ishirini na nane, na sabini na nane."

"Hiyo ni safi."

"Ni safi, mzee. Iko sawa kabisa."

Akalamba midomo, halafu akatoa simu mfukoni mwa koti. "Basi mpigie binti yangu. Mimi nikimwambia niko sawa hasikii, anasema nasema hivyo kwa sababu namtaka mama yake. Lakini wewe ni sista. Mwambie namba. Mwambie presha imeshuka, wamrudishe."

Nilimtazama yule mama wa sukuma. Alikuwa ameinamia mkoba wake akipanga vitu vilivyokuwa vimeshapangwa. Mguu wa mzee ulikuwa umenyooshwa mbele yangu, mwembamba, soksi imeteremka. Ningemwambia kwamba hata presha ikiwa safi namna gani, mguu ule hautamwinua mtu tena. Nilipaswa kumwambia mimi, si mwingine. Badala yake nikachukua simu, kwa sababu alikuwa amenipa.

Ikalia mara nyingi. Binti akaitika. Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu akisukuma kiti. Nikamwamkua, nikamwambia niko kwa baba yake, mimi ni sista wa kliniki.

"Mwambie namba kwanza," mzee akaninong'oneza.

Binti akauliza, polepole, wala hakuwa na hasira, "Ni wewe ulimwambia asimeze?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."